Kitambulisho Kilichozurura

Daphrose Mukagasana alifika ofisi za kampuni ya Urudodo Jumatatu asubuhi akakuta mwizi ameshapatikana. Hilo lilimuudhi. Mtu akikuita upeleleze, kisha akakupokea mlangoni na jibu, ujue anataka saini yako tu, kichwa chako hana haja nacho.

"Karibu, Afande, karibu rwose," alisema Injinia Kenny Rwema, mwenye kampuni, akimtikisa mkono kwa nguvu. "Kazi iko ndogo. Unaangalia, unaandika ripoti, saa sita mimi ninamupeleka mzee polisi. Tumemaliza."

"Mzee gani?"

"Usumani. Wa stoo."

Daphrose alikuwa ameacha polisi zamani na kufungua ofisi yake ya kupeleleza makosa ya mitambo, lakini Kigali ilikataa kumvua uafande, na yeye hakuona sababu ya kubishana nayo. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wakiwa wakimbizi, akarudi nyumbani na Kiswahili chake kikiwa kimenyooka. Rwema alikulia Kampala. Chake alikiokota njiani. Walielewana hivyo hivyo.

"Nioneshe kilichokuonesha wewe," Daphrose alisema.

Katika chumba cha uangalizi, Phiona, binti aliyekuwa zamu, alisimama akamwachia kiti. Ukutani palikuwa na skrini yenye ramani ya mji na nukta za kijani, kila nukta ni mteja: wakala wa tiketi za mabasi Nyabugogo, ushirika wa mafundi cherehani Kimisagara, kliniki ya macho Kibagabaga, maduka, maghala. Kwa kila mteja Urudodo ilikuwa imefunga kabati la chuma ukutani, na ndani ya kabati mkakaa swichi. Msifikirie ile ya kuwashia taa. Hii ni kisanduku chenye matundu ya nyaya, kinachogawa mtandao kwenye kompyuta zote za mahali pale.

"Zote nilifunga mimi, na hii mikono," Rwema alisema, akaionesha mikono yenyewe. "Kampuni za wakubwa ziliomba miezi. Mimi nilimaliza mji mzima wiki moja. Wiki moja, Afande!"

"Hongera. Endelea."

"Swichi ikipata shida, umeme ukikatika, waya ukichomoka, inatuma arifa hapa. Arifa inasema mambo mawili: inatoka wapi, na iko swichi gani. Kila swichi iko na kitambulisho yake, namba ndefu. Inajipa yenyewe siku ya kwanza ukiiwasha. Kama wewe na indangamuntu yako kwenye pochi."

"Kimebandikwa juu yake?"

"Oya, hapana. Iko ndani, kwenye kumbukumbu. Hauwezi kuikwangua."

Phiona alifungua arifa za mwisho wa wiki. Mbili zilikuja Jumamosi, ya kwanza kutoka Kimisagara, na muda mfupi baadaye nyingine kutoka Kibagabaga, ng'ambo kabisa ya mji. Ya tatu ilitoka Nyabugogo Jumapili. Zote zilitaja kitambulisho kimoja, na mfumo ulikuwa umeziwekea alama nyekundu: kitambulisho kisichotarajiwa.

"Kwenye orodha yetu, hiyo namba ni ya swichi ya akiba," Rwema alisema. "Iko ya stoo. Haijawahi kufungwa popote! Sasa inatafuta nini Kimisagara? Mzee anaitembeza, Afande. Anaichomeka kwenye laini za wateja wangu, anauzia majirani mtandao, halafu anahama. Iko na mpwa wake, dereva wa pikipiki. Jumamosi asubuhi mapema, kabla ya umuganda kufunga barabara, wakapiga Kimisagara, wakaruka Kibagabaga. Angalia saa, iko pale kwenye skrini."

"Ulikwenda stoo?"

"Nilienda! Boksi iko, kibandiko iko, swichi iko ndani. Nikaiwasha. Inajiita namba nyingine kabisa! Amechukua nzima, ameingiza nyingine, akahamisha kibandiko."

Daphrose aliisoma tena ile namba kwenye skrini. Kelele za Rwema hazikumtisha, ila ushahidi huo haukuwa wa kupuuza. Kilichokuwa ndani ya boksi kilijiita jina la kigeni, na jina la boksi lilikuwa linazurura mjini. Kuna watu wamefungwa kwa pungufu ya hapo.

"Jana nikapekua nyumba yake, Biryogo," Rwema aliendelea. "Na mkuu wa mudugudu, ule mtaa wao, alikuwepo, kila kitu kwa utaratibu."

"Ukaikuta?"

"Hapana. Ameificha vizuri."

"Mh! Kwa hiyo usipomkuta nayo, hiyo pia ni hatia yake."

Rwema alicheka. Alipoona amecheka peke yake, akaacha.

Stoo ilikuwa nyuma ya ofisi. Maboksi yalipangwa hadi darini, maandishi yote yametazama nje, na sakafuni ungeweza kula wali. Usumani Kalisa alikuwa amesimama kando ya meza yake, kofia nyeupe kichwani, koti la kazi limefungwa vifungo vyote. Kiti alikuwa nacho, hakukikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Au niseme Afande?"

"Chagua mwenyewe."

"Basi Afande. Leo nina shida na afande."

"Wanasema umeiba."

"Nimewasikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu." Sauti yake haikupanda. "Babu yangu alikuja nchi hii kutoka Ujiji na mizigo ya nguo za watu. Hapakuwa na kufuli, hapakuwa na shahidi, na watu walilala usingizi. Baba yangu alishona suti za mabwana, vipande vilivyobaki akavirudisha, hata vya kufutia viatu. Ukoo wetu haujawahi kusimama kujitetea kwa wizi, na sitaanza mimi. Niulize mambo ya kazi, nitakujibu mpaka uchoke."

Daphrose alimpenda hapo hapo, na kwa kuwa alimpenda, akamuuliza kwa ukali zaidi.

"Ya kazi, basi. Ile swichi ya akiba imewahi kutoka humu?"

"Mara moja tu. Mwanzo kabisa, kabla hawajafunga mji. Injinia aliichukua mwenyewe, akashinda nayo ofisini kwake siku zile za haraka. Akanirudishia mkononi."

"Akasema nini?"

"Kwamba ameifuta kila kitu, ameirudisha ilivyotoka kiwandani. Nikaipokea, nikaifunga. Haijatoka tena."

"Mbona jana hukumwambia hayo?"

"Jana hakuja kuuliza, Afande. Alikuja kuambia."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Alfajiri msikitini. Kisha umuganda, kazi ya mtaa, kama watu wote, tukazibua mtaro pale chini kwetu. Mpwa wangu alikuwa na koleo, mimi na toroli." Kisha akasema kilichokuwa kinamuuma. "Jela naijua kwa kusikia tu, lakini najua watu hutoka. Ila mimi nimezeekea Biryogo nikiitwa Mzee Usumani. Leo asubuhi nimetoka nyumbani, watoto wa jirani wakapigana vikumbo: huyo, huyo, mwizi wa mtandao! Watoto niliowakata kucha! Hilo, Afande, hakimu hawezi kunifutia. Nirudishie jina langu kabla ya saa sita, mengine nitabeba."

Daphrose alitoka nje akamkuta Rwema akichezea funguo za gari.

"Twende Nyabugogo," alimwambia.

"Kufanya nini? Mzee yuko hapa!"

"Arifa ya mwisho ilitoka kule. Mimi sijawahi kumfunga mtu kwa neno la mashine niliyokuwa sijaifunua. Sitaanza na wewe."

Nyabugogo ilikuwa Nyabugogo: mabasi ya Huye na Musanze yananguruma, wapagazi wanapiga mluzi upishe, mtu anakuuzia karanga na betri kwa mkono mmoja. Wakala wa tiketi, Salvator, mtu wa tumbo na furaha, aliwaongoza hadi kabati lililokuwa ukutani nyuma ya kaunta.

"Nani aliwahi kulifungua hili?" Daphrose aliuliza.

"Hilo? Tangu lifungwe hakuna. Mimi juu yake naweka chakula changu, kinabaki na joto."

"Jumapili halikuguswa?"

"Jumapili umeme ulikatika ukarudi. Mimi nilikuwa hapa hapa, nikiuza tiketi kwa tochi. Hakuna mtu alipita kaunta hii bila mimi kumwona. Hii iko Nyabugogo, Afande. Ukifumba jicho moja, wanabeba lile lingine."

Skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Rwema mwenyewe alihangaika nazo, bisibisi ikateleza mara kwa mara, akatukana kwa Kiganda. Mlango ulipofunguka, wote watatu waliinama kuchungulia. Buibui alikuwa amefunga utando kutoka ukuta wa kabati hadi kwenye nyaya, na juu ya swichi vumbi lilikuwa zito, halina hata alama ya kidole.

"Mwizi wako ni fundi sana," Daphrose alisema. "Ameleta swichi jana na buibui wake."

Daphrose alisoma kibandiko kwa tochi ya simu: namba ya kiwandani ilikuwa ile ile iliyofungwa pale tangu mwanzo. Akachomeka kebo kutoka kwenye kompyuta yake ndogo na kuiuliza swichi ijitaje. Jibu lilikuja papo hapo. Ilijitaja kwa kitambulisho cha swichi ya stoo.

"Haiwezekani," alisema Rwema.

"Inawezekana, na unaitazama. Haya, mpigie Phiona, weka sauti kubwa." Aliposikia binti ameitika, Daphrose alichomoa waya mmoja. "Phiona, kuna kitu?"

"Imefika sasa hivi, Afande. Nyabugogo, kitambulisho kile kile."

"Mfumo umeandika saa ngapi?"

Phiona akasoma. Daphrose akaitazama saa yake ya mkononi, akamgeuzia Rwema naye aitazame. Skrini ilikuwa nyuma saa mbili nzima.

"Huo mfumo mmeununua wapi?" aliuliza.

"Ni mpya," Rwema alisema taratibu. "Tumeufunga mwezi huu. Seva zake ziko ng'ambo."

"Basi unafuata saa ya ng'ambo. Na ule wa zamani ulikuwa unasoma vitambulisho?"

"Hapana. Ulikuwa unaangalia anwani tu."

"Kwa hiyo ugonjwa ni wa zamani, macho ndiyo mapya. Sasa rudi Jumamosi, Injinia. Ongeza saa mbili kwenye zile arifa. Unaangukia wapi?"

Rwema alihesabu. Uso wake ukabadilika kabla mdomo haujafunguka.

"Katikati ya umuganda."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwetu, Kibagabaga. Tulikuwa tunapanda miti kando ya barabara."

"Uliona pikipiki ngapi zimepita?"

"Afande, umuganda… hakuna pikipiki. Barabara zimefungwa. Polisi wako kila kona. Hata mimi gari yangu ingerudishwa."

"Basi niambie ni nani aliyetoka Kimisagara na swichi mgongoni akafika Kibagabaga muda ule, akavuka mji mzima wenye majembe mkononi, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Kigali hii hii! Jumamosi ya mwisho wa mwezi! Hata mbuzi akipita muda huo anaulizwa mudugudu wake."

Salvator aliangua kicheko.

"Hakuna swichi iliyotembea," Daphrose alisema. "Zimekaa zilipo, kila moja kwenye kabati lake, na zinaitikia jina moja. Phiona, bado uko? Usisubiri arifa. Ziulize swichi zote za mji, moja moja, zikutajie vitambulisho vyao."

Walisubiri. Nje, kondakta alikuwa anaimba majina ya vituo vya kusini. Simu ikakohoa.

"Afande," Phiona alisema. "Zinatoa jibu moja. Zote."

Rwema alikaa kwenye kiti cha Salvator bila kuombwa.

"Mji mzima kwa wiki moja," Daphrose alisema. "Ulifanyaje?"

"Nilichukua ile ya akiba. Nikaipanga vizuri, kila kitu, usiku na mchana. Halafu nikanakili kumbukumbu yake, nikaimwaga kwenye zingine."

"Yote?"

"Yote." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Na kitambulisho ndani yake. Mungu wangu."

"Na ile ya kwanza, mama yao?"

"Niliifuta. Nikaipeleka kwa mzee, imerudi kama ilivyotoka kiwandani."

"Kwa hiyo jana ulipoiwasha, kwake ilikuwa siku ya kwanza tena. Ikafanya ulichonieleza mwenyewe asubuhi. Ikajipa kitambulisho kipya. Hakuna aliyebadilisha kitu. Kibandiko ni chake, boksi ni lake, na mlinzi wake ni mwaminifu kuliko mashine zako zote."

Alianza kukunja kebo yake, halafu hasira iliyobaki akaisema.

"Sisi Wanyarwanda, Injinia, hata watoto wa tumbo moja kila mmoja hupewa jina lake. La kaka huwezi kumpa mdogo. Wewe umezaa ukoo mzima kwa wiki moja, wote ukawaita jina moja, kisha ukamshika yaya ukisema ameiba mtoto!"

Saa sita ilikuwa bado kidogo walipoingia stoo. Usumani alikuwa amesimama pale pale. Rwema alieleza, na tuseme haki, alieleza bila kuruka kitu: nakala, kitambulisho, saa ya ng'ambo, buibui. Hakumtupia Phiona lawama, ingawa nafasi alikuwa nayo.

"Kosa liko langu, mzee. Samahani sana," alimaliza. "Chukua mapumziko wiki nzima, mshahara unaendelea. Na wafanyakazi wote nitawaambia leo."

"Nashukuru," Usumani alisema. "Mapumziko sijaomba. Na wafanyakazi hawakusikia jana. Jana ulisemea wapi?"

Rwema alitazama chini.

"Ulisemea uani kwangu," Usumani alisema, "mchana kweupe, mkuu wa mudugudu kasimama, majirani wamejaa ukuta kwa ukuta. Yale maneno yako bado kule. Nenda ukayaondoe."

"Nitakuja jioni, mzee. Ninaahidi."

"Jioni watu wametawanyika, huyu msikitini, yule sokoni. Jana ulikuja saa ya chakula, watu wote wako nyumbani. Saa ya chakula ni hii."

Rwema alimgeukia Daphrose, huenda akitumaini atasema neno la kumwokoa. Daphrose alitoka nje akamfungulia mlango wa gari.

Biryogo ilikuwa inanukia mchuzi na mkaa. Usumani aliingia uani kwake mbele yao, mikono nyuma, wala hakuharakisha. Hakumwita mtu. Haikuhitajika, gari la jana lilikuwa limetambuliwa tangu kona, na milango ilikuwa inafunguka yenyewe. Wanawake walitoka na miiko mikononi. Mkuu wa mudugudu alifika akiwa bado anatafuna.

Mama Umutoni, mke wa Usumani, alitokea mlangoni, kitenge kimefungwa kifuani, mikono imekunjwa. Alimtazama Rwema kuanzia viatu kwenda juu.

"Nimekuja kusema," Rwema alianza, "kwamba jana kulikuwa na… kwamba sisi tulifikiri…"

"Sauti, Injinia," Usumani alisema kwa upole. "Jana ilifika barabarani."

Rwema alivuta pumzi. Daphrose aliona shingo yake imelowa, na kwa mara ya kwanza siku ile akamwonea heshima, maana wapo waliofika hapo wakarudi nyuma.

"Mzee Usumani hakuiba!" Rwema alipaza sauti, na yule mwenye duka ng'ambo ya barabara akageuka. "Hakuna kilichoibwa! Aliyekosea ni mimi. Mimi Kenny Rwema. Nilikosea kazi yangu, halafu nikaja kumtukana mtu mwaminifu nyumbani kwake, mbele ya mke wake. Huyu mzee si mwizi. Mkisikia mtu anasema vingine, mwambieni aje aniulize mimi."

Bibi mmoja alipiga kigelegele kifupi, akaona hakuna aliyemfuata, akanyamaza. Wote walikuwa wanamtazama Mama Umutoni.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Hujamaliza." Alisogea pembeni, mlango ukabaki wazi. "Godoro langu liko sakafuni pale ulipolipindulia. Usiku tumelala mkekani, mimi na umri huu. Mzee alitaka kulinyanyua, nikamkataza. Nikamwambia, atalirudisha aliyelitupa."

Rwema aliwatazama watu, kisha akautazama mlango. Akavua koti, akamkosa wa kumshikia, akalitundika kwenye kamba ya nguo. Akainama akafungua viatu, akaviacha kizingitini, akasema hodi.

"Karibu," Mama Umutoni alimjibu, kama anavyojibiwa mgeni yeyote.

Lilikuwa godoro la sufi, yale mazito ya zamani, na kutoka uani walimsikia akihema nalo, likimponyoka, akilishika upya. Usumani alikuwa amesimama kwenye mlango wake, kifua mbele. Majirani walikuwa wengi na wenye nguvu, na hakuna aliyeingia kumsaidia.